Kisanduku cha Tatu

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, mwaka juzi, kwenye meza ya jikoni, na ni mwalimu asiye na huruma hata chembe. Nikikosea anaguna kama karani wa serikali. Ana miaka tisa. Humu nitamwita Chiriku, maana akiamka mdomo wake haufungwi mpaka usingizi umshinde.

Kaninunulia kwa sababu fomu za kliniki zina visanduku vya kutia vema tu. "Bibi," anasema, "wewe huenei kwenye kisanduku."

Kweli sienei.

Jumatano, 4 Machi

Leo tumeanza. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganya mchuzi na maji ya kunawa.

Chiriku ana mzio wa karanga. Si ule wa kujikuna tu. Miaka miwili iliyopita alilamba kijiko kilichokorogewa karanga, tena kijiko changu mimi, mpishi wa miaka thelathini na mmoja katika kantini ya kiwanda. Kabla sijageuka uso ulikuwa umevimba, sauti imekatika, kisha akaanguka chini kama nguo iliyodondoka kambani. Alikuja kuzinduka hospitalini. Tangu siku ile karanga haijavuka kizingiti changu, na mtoto hatoki nje bila mkoba mdogo shingoni. Ndani mna sindano yake, ile iliyotengenezwa kama kalamu: unaibandika pajani, unakandamiza, unashikilia huku unahesabu.

Sasa kliniki wanafanya utafiti. Wanataka kujua kama vitamini C, kitu kile kile kilichomo kwenye chungwa, mtoto akipewa kila siku itapunguza ukali wa mzio. Anayeongoza kazi hiyo ni binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Nimembatiza Daktari Miwani. Kaeleza vizuri, sikatai. Mwilini mna kitu kinaitwa histamini, na mtoto kama wetu akikutana na adui wake, kitu hicho kinafurika kwa mkupuo mmoja.

"Kama maziwa jikoni," nikamwambia. "Umegeuka kidogo tu, yameshamwagika."

"Hasa, Bibi. Sasa tunajiuliza kama vitamini C inapunguza moto chini ya sufuria."

"Inapunguza?"

"Hatujui."

"Si nimpe machungwa tu, tuache usumbufu?"

"Mpe kama kawaida yako. Ila kama yanasaidia mzio, hatujui. Na kwa kiasi gani, hilo nalo hatujui."

Kasema "hatujui" mara saba, nimehesabu. Mtu kasoma miaka yote hiyo aje kuniambia hajui! Mimi sijakanyaga darasa na najua zaidi.

Kisha likaja jambo la ajabu. Nusu ya watoto watapewa vidonge vya vitamini, na nusu vidonge vitupu, unga usio na kazi. Ganda moja, rangi moja. Nani kapata kipi, hata yeye daktari hajui. Orodha imefungiwa kwingine mpaka mwisho.

"Vidonge hewa," akadakia mzee mmoja, "kama wafanyakazi hewa!" Benchi zima likaangua kicheko. Mzee huyo kamleta mjukuu wake wa kike, mwenye mzio wa karanga kama wetu. Alikuwa dereva wa malori, na mpaka leo anaongea kama anashindana na injini.

Daktari Miwani hakucheka. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Kidonge hiki si kinga. Mtoto awe anapata kipi, sindano haitoki shingoni. Tumeelewana, Bibi?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Mwisho wa fomu pana swali la kila wiki: Unadhani mtoto wako anapewa kipi? Visanduku vitatu. Vitamini. Kitupu. Sijui. Nimeacha wazi. Na mvi zote hizi nitie vema kwenye "sijui"? Labda wanizike kwanza.

Alhamisi, 5 Machi

Kameza. Hakuna kitu. Mawingu.

Ijumaa, 6 Machi

Kameza. Mawingu yanatunisha misuli tu, mvua hakuna.

Jumatano, 11 Machi

Kliniki. Kila Jumatano tunapeleka chupa wakahesabu vidonge vilivyobaki. Dereva kanipisha kwenye benchi kisha akalalamika kwamba nimechukua nafasi ya watu wawili. Nikamwambia, "Nimelisha watu mia nne kwa siku, baba, ulitaka niwe mwembamba kwa mujibu wa sheria gani?" Kapiga kelele za furaha mpaka muuguzi akatoka. Mtu wa fujo. Simpendi.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, imepiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Bati la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Nimetega ndoo.

Chiriku kaamka na koo linawasha, mafua ya kawaida, akakataa kumeza kidonge. "Kimekuwa kikubwa, Bibi." Nikalitenganisha lile ganda, pande mbili, nimwage unga kwenye uji. Na hapo mkono ukafanya ulichozoea. Mpishi hamwagi kitu chunguni bila kukionja. Sikuwaza. Nilichovya kidole, nikalamba.

Kichachu! Kichachu cha kukunja uso.

Nilisimama katikati ya jikoni na kile kidole hewani. Chungwa ni chachu. Ndimu ni chachu. Na unga usio na kazi, uwe mchachu kwa sababu gani? Mjukuu wangu anapata chenyewe!

Wamefungia orodha yao, wakasahau kwamba shule niliyosoma mimi ni ulimi.

Jumatano, 18 Machi

Nimetia vema: Vitamini. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Dereva akachungulia. "Mpishi, umejuaje?" Nikamnong'oneza. Mtu wa injini kunong'ona hajui. "UMEONJA?" Basi, benchi zima limesikia. Chupa zote zilikuwepo, maana ni siku ya kuhesabu. Tukajibanza kwenye ukumbi karibu na mizani, kila mtu na kidonge chake, nikionja kimoja baada ya kingine, nikitema kwenye leso, kama mtu anayechagua mchele wa harusi. Chupa kumi na nne. Tisa chachu. Tano zilikuwa kama wanga wa kupigia pasi.

Ya Dereva ilikuwa wanga.

"Onja tena," akasema.

Nikaonja tena. Nikatikisa kichwa. Aliufunga mfuniko wa ile chupa taratibu sana, akamshika mjukuu wake kichwani, akasema, "Haya, twende." Nikatamani ningemdanganya.

Jumatano, 25 Machi

Daktari Miwani kasimama mbele yetu na rundo la fomu. "Wiki mbili zilizopita karibu wote mliandika 'sijui'. Leo hakuna hata mmoja. Mmejuaje?"

Benchi zima likageukia dirishani, kutazama mvua.

"Moyo, daktari," akasema Dereva. "Moyo wa mzee haudanganyi."

Akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Tukiwa tunatoka, Dereva akaniambia kila asubuhi anamkamulia mtoto ndimu tatu. "Siwezi kumwacha na wanga, mpishi." Nani angeweza?

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Chiriku kaloa mpaka mfupani akitoka shule, na mkanda wa mkoba ukaanza kunuka. Nimeutundika kwenye msumari juu ya jiko ukauke.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Mkoba haujakauka.

Jumapili, 5 Aprili

Binti yangu, mama yake Chiriku, anashona kwenye kiwanda cha nguo. Anatoka kabla hatujaamka, anarudi tumekwisha kula, basi Jumapili ndiyo siku yake ya kuona makosa yetu.

"Mama, mkoba wa mtoto uko wapi?"

"Msumarini. Uliloa."

"Tangu lini?"

"Umekauka, nitamvisha. Usiniangalie hivyo. Mtoto ana mwezi mzima wa vitamini tumboni, unadhani hiyo ni mchezo?"

"Daktari alisema si kinga."

"Daktari alisema hajui. Mimi nimeonja."

Akashusha mkoba mwenyewe, akamvisha mtoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua kubwa. Mkoba nimeurudisha msumarini.

Jumapili, 12 Aprili

Jana sikuandika. Haya ni ya jana.

Jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya bintiye. Mama mwangalifu, siku mbili kabla alikuja kuniuliza mtoto hali nini. Nikamwambia karanga tu, mengine yote ni halali yake. Akapika bila karanga. Lakini wageni huja na mikono yao, na mmoja wao alikuja na biskuti za dukani, kumbe zina karanga.

Chiriku alitoka saa nane, mvua ikinyesha. Nilimfunika kwa nailoni. Nilimtazama akiruka madimbwi, shingo tupu, na nitasema ukweli humu: niliiona ile shingo tupu. Niliiona, nikasema moyoni, ni hatua mia mbili tu, na tumboni ana uchachu wa wiki tano. Nikarudi kuchambua maharage.

Haikupita nusu saa, yule mtoto wa sherehe akaja mbio, kilemba cha karatasi kimeng'ang'ania kichwani kwa maji. "Bibi! Chiriku hawezi kuongea!"

Chiriku. Hawezi. Kuongea.

Nilipanda kiti kuufikia ule msumari. Mkanda ulijinasa. Niliuvuta mpaka msumari ukatoka na kipande cha ukuta. Viatu nimeviacha mlangoni, na mbele ya nyumba ya pili nilianguka chali kwenye tope huku nimeinua mkoba juu kama mtu aliyebeba yai. Nikainuka. Mgongo utalalamika baadaye, niliuambia usubiri zamu yake.

Walikuwa wamemkalisha kwenye kochi. Midomo imevimba, macho yamekuwa mistari, ngozi ya shingo imeumuka mapande mapande, na pumzi inapiga mluzi kama birika. Alinitazama. Alikuwa akinitazama kama siku zote nikikosea herufi, anangoja nirekebishe.

Nikang'oa kizibo. Nikaibandika pajani, juu ya sketi, kama walivyotufundisha. Nikakandamiza, ikalia tak! Nikahesabu kwa sauti mpaka kumi. Nikamlaza, miguu juu ya mto. Baba wa nyumba alishawasha gari. Njiani nilimshika kifundo cha mkono nikihisi moyo wake unavyokimbia, na mluzi ukapungua, ukapungua, ukawa pumzi.

Kliniki walimweka chini ya uangalizi. Alipopata sauti, neno la kwanza lilikuwa hili: "Bibi, umeruka saba."

"Nini?"

"Ulipohesabu. Sita, nane. Umeruka saba."

Nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Binti yangu alifika na nyuzi bado zimeng'ang'ania gauni. Alimkumbatia mtoto kwanza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkoba ulikuwa wapi, Mama?"

"Msumarini."

Akanipa mgongo, akaanza kumpangusa mtoto uso. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua imepumzika. Mimi sijapumzika.

Kuna jambo linanizunguka kama nzi. Safari ile ya kijiko alizimia. Safari hii hakuzimia. Ni kidonge? Ni sindano, iliyowahi? Au ni kwa kuwa alikula nusu biskuti na safari ile alilamba kijiko kizima? Nimekaa na maharage mapajani nikigeuza hili na lile. Kila ninaposhika jibu, lingine linalisukuma.

Na yule anayeulizwa maswali hayo kila siku ni binti wa miwani.

Jumanne, 14 Aprili

Kesho nitasema. Ninaandika ili nisije nikajiambia sikuahidi.

Jumatano, 15 Aprili

Nilimwambia Dereva kwanza. Akasema, "Ukiingia, naingia." Tukaingia wote wawili kwenye chumba cha Daktari Miwani, tumesimama kama watoto waliovunja dirisha.

"Mwanangu," nikaanza, "mimi nimeonja vidonge."

Alivua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Cha Chiriku?"

"Cha Chiriku. Na vya benchi. Chupa kumi na nne."

"Kumi na nne," akasema. Akakaa. "Bibi, huu utafiti tumeutayarisha miaka miwili."

"Nigombeze."

"Sigombezi. Nisikilize. Ulipojua mtoto wako anapata vitamini, ulifanya nini?"

"Nilitundika mkoba msumarini."

"Na wewe, babu, ulipojua wako anapata kitupu?"

Dereva akatazama kofia yake. "Ndimu. Tatu kila asubuhi."

"Sasa mwisho wa utafiti nikiona tofauti kati ya watoto hawa wawili, nitasema imeletwa na nini? Na kidonge? Na ndimu? Au na msumari?"

Hapo ndipo taa ilipowaka kichwani mwangu, nami nikamsimulia kisa cha kantini. Mwaka mmoja meneja alileta mpishi wa pili, kijana mwenye kofia ndefu nyeupe. Wafanyakazi wakaanza: maharage ya kofia ndefu matamu, ya mama mazito. Siku moja tulipika sufuria moja, tukaigawa mara mbili, tukasimama kila mmoja nyuma ya fungu lake. Wakayasifu ya kofia ndefu! Maharage yale yale! Tulipoweka sufuria mbili bila mtu nyuma yake, hakuna aliyejua yapi ni ya nani, wakala tu.

"Kumbe hamfichi kwa kutudharau," nikasema. "Mnaificha kofia."

Akaweka miwani mezani. "Miaka miwili tumehangaika na rangi ya ganda," akasema. "Rangi, uzito, harufu. Hakuna aliyefikiria ulimi. Kosa hili na sisi tumo."

"Hakika mmo," nikasema. "Mngeuliza mpishi."

Dereva akacheka kwanza. Kisha yeye. Kisha akafuta macho, na sikujua kama ni kicheko.

Nilimuuliza lile la nzi: je, kidonge ndicho kilichomzuia Chiriku asizimie?

"Natamani kujua," akasema. "Sindano ndiyo tunayoijua. Hilo lingine, sijui, Bibi."

Safari hii sikuhesabu.

Jumapili, 19 Aprili

Binti yangu ananiongelesha kwa maneno ya lazima tu. Chumvi. Ufunguo. Leo nimempa daftari hili. Amelisoma amesimama, akafika sherehe ya jirani, akakaa. Alipomaliza alilirudisha, akavuta cherehani.

Jioni alinitupia mapajani mikoba miwili mipya, ya nailoni isiyopitisha maji. "Mmoja ukiloa, anavaa wa pili," akasema. "Na kwenye ukuta ule usipigilie kitu tena, Mama."

"Sipigilii."

"Uliangukaje kwenye tope?" Akaanza kucheka, akijizuia. "Kama yai?"

"Kama yai."

Jumanne, 28 Aprili

Utafiti umesimamishwa mpaka kamati inayosimamia tafiti ikae. Mvua bado. Dereva kapiga simu kuuliza kama mkanda wa nailoni unashika, nusu saa nzima. Sauti yake ile ile. Nimeizoea, naona.

Jumatano, 20 Mei

Daktari Miwani kaniita, akanifungia kitambaa machoni na kunipanga na Dereva mbele ya visahani viwili. Wametengeneza vitupu vipya, wametia kidogo unga wa asidi ya sitriki, ile ndimu ya dukani isiyo na vitamini, na sijui nini kingine, vichachuke kama vyenyewe.

"Kazi yako, Bibi, ni kutushinda."

Nilionja mara kumi. Nilisukutua, nikaonja tena. Niliweka unga ncha ya ulimi, nikauweka ubavuni, nikaupeleka nyuma. Dereva alikata tamaa mara ya tatu. Mimi nilikomaa. Walipohesabu, nilikuwa nimepata mara tano na kukosa mara tano, sawa na mtu anayerusha shilingi.

"Hongera," nikamwambia. "Umemshinda mpishi."

Alirukaruka, mtu mzima na shahada zake.

Jumatano, 10 Juni

Mbingu ni safi. Ndoo ya jikoni nimeirudisha uani.

Kamati imekubali waanze upya, chupa mpya, orodha mpya iliyofungiwa. Walituuliza kama bado tunataka. Benchi zima limerudi. Dereva kanipisha, na hakulalamika, akakaa ukingoni na nusu yake hewani. Mjukuu wake na Chiriku walikuwa wakilinganisha mikoba.

Chiriku kameza cha kwanza mbele ya muuguzi. Nilikitazama kikienda. Mkono ulitaka, sitaficha. Nikaukalia.

Kisha fomu. Unadhani mtoto wako anapewa kipi? Nilifikiria mvua yote ile, nilifikiria biskuti na kijiko, nilimfikiria yule binti na macho yake mekundu. Miezi michache mingine, orodha ikifunguliwa, huenda tukajua kitu ambacho mtu yeyote kwenye benchi hili hajui leo. Nataka kukijua. Nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kusifiwa maharage.

Nikatia vema kisanduku cha tatu.

Chiriku akachungulia begani kwangu, mkoba ukinigonga shavuni. Akaisoma, kidole kikifuata mstari, akaguna.

"Umepata, Bibi," akasema.